Sura ya Saba: Jina Chini ya Bitana

Koplo Keraryo aliuweka mkoba juu ya benchi la fundi Alawi, katikati ya misumari na soli za viatu, kisha akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyetua mtoto asiye wake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta kushona, au umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza tu."

"Polisi akisema kuuliza tu, mimi huwa naanza kutafuta kofia yangu."

Mtaa mzima wa Nyasho, mjini Musoma, ulimjua Alawi kwa wepesi wa mikono yake, na ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi. Alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya masikio, na alipoutazama ule mkoba aliutazama kwanza kwa vidole. Ngozi ya mamba, kahawia iliyoiva, kifungo cha shaba. Mkoba wa Ulaya huo. Ingawa mamba mwenyewe pengine alizaliwa hapa hapa ziwani, akasafirishwa ngozi tupu, akashonwa huko, kisha akarudi kwa meli akiwa mgeni wa heshima.

Kesi ya mkoba ule ilikuwa imekwisha tangu Desemba. Mke wa injinia mmoja wa mgodi wa dhahabu alisema ameibiwa. Mkoba ukakutwa harusini, mkononi mwa Mwamvita wa Bunda, mke mkubwa wa Rashidi mnunuzi wa ngozi za ng'ombe. Mwamvita akaapa mbele ya hakimu kwamba aliuziwa na yaya wa yule Mzungu, msichana wa Butiama aitwaye Dafroza, akiambiwa ni mpya wa dukani. Dafroza akasema bibi yake ndiye aliyemtuma kuuuza, tena kwa barua ambayo haikuonekana, na mnunuzi alijua wazi kwamba umetumika. Bibi akakana, akapanda meli, akaenda kwao. Dafroza akapewa miezi sita. Faili likafungwa kwa kamba nyekundu, na aliyelifunga ni Keraryo mwenyewe, mafundo mawili.

Sasa, mwisho wa Februari, mambo mawili yalikuwa yamelifungua. La kwanza ni Ghati, mama yake Dafroza, aliyetembea kutoka Butiama siku ya Jumatatu mpaka kituo cha polisi Musoma. Hakulia wala hakupiga magoti. Alisema, "Wakwe wanakuja Alhamisi kuchukua ng'ombe zao za mahari. Wanasema hawaoi mwizi. Kama mtoto wangu ni mwizi niambie, nizitoe. Kama siyo, niambie pia, nizizuie. Wewe ndiye ulimkamata, wewe ndiye unajua." Keraryo alimwambia atamjibu. Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walilijua.

La pili lilitokea kesho yake. Aliamriwa auposti mkoba Ulaya kwa mwenyewe. Alipokuwa anaufunga kwa karatasi, kidole chake kikanasa kwenye mshono wa kishikio. Uzi ulikuwa mweusi, mnene, una harufu ya magome. Ni uzi wa nyavu, ule ambao wavuvi huuchemsha na magome ya mti ili usioze. Na Ulaya, kwa kadiri Keraryo alivyojua, hawachemshi nyuzi na magome.

Ndiyo maana Jumatano hii asubuhi alikuwa hapa.

"Kazi hii ya nani?" aliuliza.

"Yangu," Alawi alisema bila kusita. "Tazama, nimepita mara mbili na fundo nimelificha kwa ndani. Wenzangu wa sokoni wanapita mara moja, mteja akifika nyumbani kishikio kinabaki mlangoni."

"Aliyeuleta nani?"

"Wateja wangu nawaandika humo humo, chini ya bitana. Tangu siku wale wanaume wawili wa Kigera walipoondoka hapa kila mmoja na viatu viwili vya kushoto, nikasema basi, kila kitu kiwe na jina."

Akachukua msumari, akaufungua mkoba, akaanza kuinua bitana kwenye kona. Mkono wake ukasimama.

"Mbona hapa kuna mtu keshafungua? Sindano hii siyo yangu. Huyu alishona kama anafunga gunia."

"Ni mimi," Keraryo alisema. "Siku tulipoukamata. Nilikuwa natafuta kama kuna kitu kimefichwa."

"Ukaona maandishi?"

"Nikaona herufi za Kiarabu."

"Ukampelekea nani akusomee?"

Keraryo alitazama barabarani. Mwanamke alikuwa anapita na karai la sato, watatu wakubwa. Alimsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona.

"Nilidhani ni hirizi," alisema.

Alawi akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Hirizi! Jina la mtu na kishikio! Huko misheni kwenu walikufundisha kusoma, au walikufundisha kuogopa herufi?" Alikuwa bado anacheka alipouinua uso wake na kuuona wa koplo, ndipo kicheko kikamwisha chenyewe. Akavuta bitana, akasogeza mkoba kwenye mwanga, akasoma polepole kutoka kulia kwenda kushoto. "'Mwamvita wa Rashidi, Bunda. Kishikio. Maulidi, siku ya pili.'"

"Siku ya pili baada ya Maulidi?"

"Ya mwaka jana. Nilikuwa bado nina harufu ya wali wa watu mikononi."

Keraryo akatoa daftari lake. Maulidi iliangukia wiki ya tatu ya Novemba. Bibi wa mgodini aliandikisha kwamba alikwenda na mkoba wake dansini Jumamosi ya kwanza ya Desemba, na kwamba ulitoweka baada ya hapo. Akamsomea Alawi tarehe hizo.

"Basi alicheza dansi mgodini," Alawi alisema, "na mkoba ulikuwa Bunda. Ana mkono mrefu mama huyo."

"Mwamvita aliuleta mwenyewe?"

"Mwenyewe. Alikaa hapo uliposimama. Alitaka kujua kama amefanya vizuri kuacha mpya wa dukani akachukua huu. Nikamwambia, ule wa dukani ni boksi la karatasi lililopakwa rangi, mvua moja tu utaona. Huu utakuzika wewe na wajukuu zako. Akafurahi kweli."

"Kwa hiyo alijua kwamba umetumika."

"Bwana Koplo, mtu analeta mkoba kukazwa kishikio, halafu anafikiri ni mpya?"

"Mbona hukuja kusema mahakamani?"

"Nani aliniita?"

Kwenye daftari, ukurasa wa vielelezo, Keraryo aliona mwandiko wake mwenyewe, ule mzuri ulionyooka ambao mapadri waliusifu: Mkoba mmoja wa mamba. Hali nzuri. Hauna alama.

Alilifunga daftari. Akanunua kwa Alawi kipande cha karatasi yenye nakala ya yale maandishi, kwa bei ya sigara mbili, akaenda kutafuta lori.

*

Lori la chumvi lilimfikisha Bunda saa nane mchana, yeye na baiskeli yake iliyofungwa juu ya magunia. Nyumba ya Rashidi, kule Kabasa, ilikuwa na milango miwili ya mbele, yote imepakwa rangi moja ya kijani, na kila mlango una kiti cha namna moja. Rashidi alikuwa mtu wa haki. Akinunua sufuria hununua mbili, akinunua khanga hununua mbili, na watu walisema hata akikohoa kwa mke huyu hukumbuka kwenda kukohoa kwa yule.

Mwanaamina, mke mdogo, alikuwa kwenye kiti chake anasuka ukili. Pembeni mwake ulining'inia mkoba mwekundu wa dukani. Kona zake zilikuwa zimebanduka, na karatasi ngumu ilikuwa inachungulia.

"Ee! Polisi wetu wa mikoba amerudi," alisema. "Wangu usiuguse, bwana, wangu hauna kesi. Nilinunua mpya."

"Mama Kudura yupo?"

"Bi mkubwa yupo ndani. Tangu umchukulie mkoba wake mpya hatoki. Mwonee huruma."

Mwamvita, huyo Mama Kudura, alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na tano, mwenye sauti ya chini. Alimkaribisha kwenye mkeka, akamletea maji, akakaa mbali naye kidogo kama heshima inavyotaka. Keraryo alikunywa maji yote kabla ya kuanza.

"Mama Kudura, ule mkoba uliununua mpya?"

"Niliapa, Bwana Koplo."

"Sikukuuliza uliapa nini."

Akaweka karatasi ya Alawi juu ya mkeka. Mwamvita, aliyesoma chuo cha Kurani mpaka akahitimu, hakuhitaji msaada. Midomo yake ilicheza mara moja tu. Kisha akatazama ukuta, ambao nyuma yake Mwanaamina alikuwa anaimba.

"Sema polepole," alinong'ona. "Ukuta huu ni mwembamba."

"Wewe ndiye wa kusema."

Akasema. Harusi ya mpwa wake Rashidi ilipokaribia, Rashidi aliwapa wake zake pesa sawa kwa sawa, kila mmoja akanunue mkoba mpya. Mwanaamina alikwenda Musoma siku hiyo hiyo akarudi na ule mwekundu. Mwamvita alikwenda dukani mara tatu. Mara ya kwanza alitazama. Mara ya pili alinusa, akasikia gundi. Mara ya tatu aliukunja kidogo, ukalia kama karatasi, Mhindi akamwambia bibi, usikunje. Akaondoka.

"Dafroza alikuwaga anapita hapa akitoka mgodini. Akaniambia bibi yake anauza vitu vyake kimyakimya, mume asijue. Akanionyesha ule wa mamba. Bwana Koplo, ukiutia mkono ndani ni kama umemshika mtoto shavu. Na bei yake chini ya nusu. Lakini mimi siyo mjinga. Nikamwambia, kitu cha Mzungu bila barua sinunui. Akaniletea barua."

"Barua ipo?"

"Ipo."

Keraryo akaacha kuandika. Miezi mitatu barua ilikuwa ndani ya nyumba ambayo yeye aliingia na askari wawili akatoka na mkoba.

"Kwa nini hukuitoa?"

"Unakumbuka ulivyokuja? Harusi imejaa humu ndani. Wanawake wote wamesimama, Mwanaamina yuko hapa, begani kwangu. Ukaunyanyua mkoba juu, ukauliza kwa sauti ya gwaride, 'Mama, huu ni mpya au umetumika?'" Alimtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Ungekuwa wewe ndiye mke mkubwa, mwenzako umri wa binti yako, ungejibu nini?"

Keraryo alirudisha penseli kwenye daftari.

"Nikasema mpya. Neno likatoka. Mahakamani nikawa nalifuata tu, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nikajua yule Mzungu atasema kweli, maana mali ni yake."

"Naye alijua wewe utasema kweli, maana barua unayo. Na hakutaka mumewe asikie kwamba aliuuza."

"Basi tulikuwa wawili," Mwamvita alisema.

"Mlikuwa watatu. Mmoja yuko jela."

Wimbo nje ulikatika, ukaanza tena. Mwamvita alishusha sauti mpaka Keraryo akalazimika kuinama.

"Kuna jingine. Ile pesa iliyobaki nilimpa Dafroza. Akaninunulia mtamba mnadani, akampeleka kwa mama yake Butiama anichungie. Mzee hajui. Mke mkubwa siku akiambiwa rudi kwenu, anarudi na nini? Na khanga?"

"Ghati anajua kwamba ng'ombe ni wako?"

"Anajua ni wa mama mmoja wa Bunda, rafiki wa mwanawe. Siku ya kesi walimkalisha nje. Hakuniona."

Keraryo akanyoosha mkono. "Nipe barua."

"Iko kwenye kasha, na kasha liko chumbani kwa mzee, naye leo amelala humo, ana homa. Kesho asubuhi anakwenda mnadani. Nistahi mpaka kesho, mwanangu. Ulikwisha kuniaibisha mara moja mbele ya watu."

Ilikuwa saa tisa. Angeondoka wakati ule na barua mkononi, angefika Butiama kabla jua halijazama, naye Ghati angekuwa na neno la kuwaambia wakwe zake. Angeweza kubisha hodi chumbani. Kazi yake ilimruhusu. Alitazama mlango wa chumba, akatazama vidole vya yule mama vilivyokuwa vinakunja na kukunjua pindo la khanga.

"Kesho saa moja," alisema.

Nje, Mwanaamina alimwuliza kama mkoba wa bi mkubwa utarudishwa. Alisema ndiyo, pengine. "Maskini," yule binti alisema, na safari hii hakuwa anatania. Alikuwa anabonyeza kidole kwenye kona ya mkoba wake, anajaribu kuirudisha karatasi ndani.

*

Haikuwa saa moja. Rashidi aliamka amepona, akanywa chai, akaisifu, akanywa nyingine. Ikawa saa tatu kasorobo Mwamvita alipotoka na barua ameifunga kwenye pembe ya khanga. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili cha Wazungu wa mashambani:

*Mimi nauza mkoba hii kwa mama Mwamvita. Yaya yangu taleta pesa. Bwana yangu hapana jua.*

Chini yake sahihi, na tarehe kumi na nne Novemba. Keraryo aliisoma mara mbili, akaandika maelezo ya Mwamvita, akamsomea. Mama akaweka sahihi yake kwa zile herufi ambazo Keraryo aliwahi kuzishona ndani ya bitana ili asizione.

Kisha akapanda baiskeli.

Alikuwa amebakiza kama maili tano kufika Butiama alipoona vumbi. Akashuka, akasimama kando kupisha ng'ombe. Miaka sita ya kufukuza wezi wa mifugo ilimfanya ahesabu bila kutaka: kumi na nane, mmoja pembe imevunjika. Nyuma walikuja wanaume watatu na mzee mrefu mwenye koti la mvua.

"Kibali," Keraryo alisema, kwa mazoea.

Mzee akampa. Jina lilikuwa Burito, wa upande wa Nyamuswa. Sababu ya safari: mahari iliyorudishwa.

Keraryo alisimama ameshika kile kibali muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma mstari mmoja. Kisha akatoa barua na maelezo, akamweleza mzee Burito kila kitu, pale pale barabarani, ng'ombe wakiwa wanakula majani ya kando. Burito alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Nimeamini," alisema. "Binti hakuiba. Atatoka lini?"

"Hakimu akishasoma. Wiki moja, labda mbili."

"Akitoka atakuwa ametoka jela. Sisi tulichumbia binti ambaye hajaingia." Hakusema kwa ubaya. "Ungetukuta jana jioni tukiwa bado kwetu, ningekaa na ndugu zangu tukaongea. Leo ng'ombe wametoka zizini, watu wote wameona. Siwezi kuwageuza njiani kama mtu asiyejua anakokwenda. Na kijana ameshaonyeshwa kwingine. Karatasi yako ni nzuri, Bwana Koplo. Ila imekuja na baiskeli."

Akachukua kibali chake. Ng'ombe wakaenda.

*

Ghati alikuwa kwenye lango la zizi, anaegemea fimbo. Ndani alibaki mtamba mmoja mwekundu, anazunguka peke yake, anaita.

"Umechelewa kidogo," alimwuliza, "au umechelewa sana?"

"Nimekutana nao njiani, mama."

"Basi ni sana. Leta nisikie."

Keraryo alimsomea barua, akamsomea maelezo. Alipofika kwenye jina chini ya bitana hakuruka, ingawa angeweza, maana mama hakujua kusoma.

"Kwa hiyo siyo mwizi," Ghati alisema.

"Siyo mwizi."

"Mimi nilijua. Nilitaka wewe ndiye ujue." Akahamisha fimbo mkono wa pili. "Hilo jina uliliona lini?"

"Siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza." Alirudia kama mtu anayepokea mzigo na kuupima. Mtamba aliita tena. "Na huyu? Nimemchunga miezi yote hii. Wa nani?"

Keraryo akamwambia. Ghati aligeuka, akamtazama yule mnyama kuanzia pembe hadi mkia, na kwa muda koplo alifikiri atafungua lango.

"Anakula vizuri," alisema mwishowe. "Kelele tu. Ametafuta wenzake tangu alfajiri. Mwambie huyo mama simfukuzi. Mnyama huyu hakuapa mahakamani. Dafroza ndiye alimchagua, atatoka amfungulie mwenyewe." Akafuta uso kwa kiganja, mara moja. "Kaa chini. Kuna uji. Usiponywa utaanguka na baiskeli, halafu karatasi zitachelewa tena."

Keraryo akakaa kwenye jiwe la mlangoni. Uji ulipokuwa unapoa alifungua daftari kwenye ukurasa wa vielelezo. Akakata kwa mstari mmoja, kama sheria inavyotaka ili kilichokatwa kisomeke: *Hauna alama.* Juu yake akaandika: *Una jina la mnunuzi. Nililiona siku ya kukamata. Sikuuliza.* Akaweka tarehe, cheo chake, na namba yake ya askari. Cheo alikiandika vizuri kuliko vyote, maana hakujua atakiandika mara ngapi tena.

"Unaandika nini?" Ghati aliuliza.

"Ushahidi."

"Wa nani?"

"Wangu."

Mama akasogea pembeni kidogo, asimzibie mwanga.